Wateja Si Mbuzi Wangu

Fundi viatu mmoja watu walimwita Hiari, kwani neno hilo halikumwisha mdomoni. Ukimwambia, "Nishonee leo leo," atajibu, "Ni hiari: nikitaka mimi, ukitaka wewe, tumemaliza." Hata mkewe akimtuma sokoni husema, "Kwa hiari yako, baba, ila chumvi usisahau."

Basi mwaka mmoja akaja fundi mwanamke, akafungua kibanda mkabala na chake. Mama yule alishona viatu vipya, tena vizuri. Wateja wakavuka barabara. Juma zima Hiari akabandika soli tatu tu.

Mwenyekiti wa mtaa akamjia na karatasi. "Tia sahihi hapa, tumwondoe. Mtaa huu una fundi wake."

Hiari aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye. Kisha akairudisha.

"Mikono ni yake. Ngozi kainunua mwenyewe. Kampiga nani? Kamwibia nani?"

"Kakuchukulia wateja!"

"Wateja si mbuzi wangu, mwenyekiti. Wamekwenda kwa miguu yao."

Mwenyekiti akaondoka akisonya.

Hayo yalikuwa mepesi. Zito lilimkuta mezani kwake, siku ya tatu, binti yake mkubwa aliposema, "Baba, nataka kwenda kujifunza kwa yule mama. Wewe unatia viraka tu."

Hiari akarudisha tonge sahanini. Binti huyo ndiye aliyetarajiwa arithi kibanda, nyundo na hata jina. Akafungua kinywa akataze, akamwona mkewe anajiumauma midomo asicheke.

"Sema basi," mkewe akamwambia. "Au hiari ni ya watu wa nje tu?"

Hiari akarudi kibandani. Mchana ule alichonga kisigino cha mteja mpaka kikabaki chembamba kama karatasi, ikabidi amlipe mwenye kiatu.

Asubuhi yake akabeba kigoda cha binti, wakavuka barabara pamoja. Fundi mwanamke akainuka, akafuta mikono. "Shikamoo, mzee. Umeniletea mwanafunzi?"

"Marahaba. Sijamleta mtu," Hiari akajibu, machozi yakimlengalenga. "Huyu kaja mwenyewe. Mimi nimebeba kigoda tu."

Wateja wengine walirudi, wengine hawakurudi tena. Hiari akajiongezea kazi ya kushona mikoba na mikanda, na kila adhuhuri binti huvuka kuja kula naye. Hajawahi kuitwa.