Msumari Chini ya Benchi

Hadi leo nikinusa sifa, yale mafuta ya samaki wanayopaka mbao za vyombo, mwili wote unanisisimka. Naikumbuka likizo ile, nikiwa darasa la nne, tulipotoka Lugoba kwenda kwa bibi mzaa mama, Bagamoyo, na baba akatuahidi kututembeza kwa mashua mpaka Saadani.

Jamani, usingizi haukuja! Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba mama atakataa. Tangu kaka yake, mjomba Shomari, apotelee baharini, mama hakukanyaga maji hata ya kulowesha vifundo. Ajabu, akakubali, ila kwa sharti: chombo atachagua yeye.

Alishinda jikoni akikaanga visheti bila kuinua macho, hata nikaogopa kuomba cha kuonja. Kisha nikamwona akitoa tasbihi kwenye sanduku la bibi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Pwani mimi nilitaka boti lenye viti vya sponji. Mama akalipita. Akapanda mashua ya kwanza, akapapasa chini ya benchi, akashuka. Ya pili vilevile. Baba akamtania, "Mama Zuhura, unanunua ng'ombe au unapanda chombo?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Ya mwisho ilikuwa imepakwa buluu mpya, na jina jipya ubavuni. Akaingiza mkono chini ya benchi la nyuma, akaganda hapo.

"Zuhura, lete kapu, mwanangu. Tunakwenda na hii."

Njia nzima alikaa benchi lile. Kila wimbi lilipotupiga, nilisikia kitu kikigonga mbao chini yetu, tik, tik. Nikamuuliza ni nini.

"Nyamaza tusikie," akasema.

Tuliporudi, bibi aliulizia tasbihi. Mama akasema imeanguka. Nilingoja ugomvi, lakini bibi alimshika mkono tu, wakalia wote wawili.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo bibi akanieleza. Mashua ya mjomba ililetwa na maji ikiwa tupu, ikauzwa. Mwenyewe hakuonekana. Walikuta tasbihi yake tu, inaning'inia kwenye msumari alioukunja chini ya benchi la nyuma, haijalowa.

Roho iliniuma. Ile tik, tik bado naisikia. Mama hakuangusha kitu. Aliitundika ile tasbihi mahali pake, kaka yake akirudi aikute.