Walipima nyumba yangu ya Lubaga, kila kipimo kikasema lake

Wakuu wa humu, wakubwa na wadogo, nawasalimu.

Mimi ni bibi. Kitabu niliacha darasa la tatu, naandika kwa kidole kimoja na miwani ya marehemu mzee wangu, kwa hiyo msinihesabie makosa. Lakini chumvi sijatia. Yote yametokea sebuleni kwangu, na walioyaona wako hai, majina yao ninayo.

Nimeleta hapa kwa sababu mpaka leo kichwa kinanizunguka, na naona humu kuna watu wa umeme na watu wa kujenga.

Nyumba yenyewe iko kwenye mteremko wa kilima cha Lubaga. Aliijenga mzee wangu Okello, askari polisi, tulipotoka kambini. Tofali za kuchoma, ukuta mnene, matundu ya hewa juu ya kila dirisha, na chini ya bati dari la mikeka ya mafunjo.

Mwashi alikuwa Kaggwa. Msaidizi wake Lubega, mwenye pengo. Mikeka aliifunga Odoch, mtu wa kwetu kaskazini, alikuwa anaimba vibaya sana. Mikeka ile hakuna hata mmoja ulioshuka.

Nisameheni, nimetoka njiani.

Nina mapacha. Opiyo, wa kiume, alitangulia. Acen, wa kike, akafuata. Tangu tumboni hawajawahi kukubaliana.

Opiyo akaanza mwaka huu: "Mama, nyumba hii inakula umeme. Uko peke yako, taa nne, redio, televisheni, pasi na friji. Mbona umeme unaisha kama wa hoteli? Nyumba ya zamani hii. Tuivunje, nikujengee ya kisasa."

Acen akamrukia. "Wewe kitu cha baba ukikiona mikono inakuwasha. Hata baiskeli yake uliiuza kama chuma chakavu!"

"Baiskeli ilikuwa haina magurudumu."

"Ilikuwa na kengele!"

Mwisho wakakubaliana aletwe mtaalamu wa kupima nyumba. Ikionekana nyumba ndiyo inayopoteza umeme na kushika joto, inavunjwa. Ikionekana ni nzuri, inabaki, naye Opiyo anafunga mdomo.

Nikasema sawa. Mbele ya watoto sikulia.

Basi akaja binti mmoja, Nabirye, mtu wa upande wa Jinja, na mkoba mkubwa. Akanipigia magoti, akaniita jjajja, yaani bibi, kama wanavyoita huku. Nikampenda hapo hapo, nikasahau kwamba amekuja kuhukumu nyumba yangu.

Mimi nilidhani kupima nyumba ni kamba ya mita tu. Kumbe njia ni nyingi, na hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Kwanza aliomba risiti za umeme za miezi iliyopita. Akazisoma, akakunja uso. "Jjajja, kwa mtu mmoja hii ni nyingi."

Halafu akapima kuta, madirisha, upande jua linapochomoza na linapozama, akaingiza yote kwenye kompyuta. Akawasha kijiti cha moshi, akakishika karibu na dirisha tuone hewa inaenda wapi. Moshi ukapanda, ukatokea kwenye matundu.

Opiyo akasema, "Unaona? Inavuja!"

Nabirye akacheka. "Ssebo, bwana wangu, nchi za baridi wangeziba. Hapa kwetu tunataka joto litoke."

Nikamuuliza, "Sasa upepo ni mwizi au mgeni?"

"Kwako ni mgeni, jjajja. Mkaribishe."

Mwisho akaacha vitu vitatu vidogo kama kibiriti. Vinasoma joto na kuliandika vyenyewe. Kimoja nje chini ya bati, kimoja chumbani, kimoja sebuleni kwenye msumari. Vikae siku saba. Ilikuwa Alhamisi.

Alhamisi iliyofuata akaja kuvichukua. Baadaye akatuita sote sebuleni na majibu.

Wakuu, nisikilizeni vizuri hapa.

Kompyuta ikasema nyumba ni nzuri, kuta nene, dari zuri, haihitaji hata feni.

Risiti zikasema nyumba inakula umeme.

Kile cha chumbani kikasema ni baridi. Kile cha sebuleni kikasema sebule inachemka, mchana na alfajiri, kama jiko.

Ukuta kati ya chumba na sebule ni mmoja! Kaggwa aliujenga siku moja!

Opiyo akasema, "Kompyuta inakisia. Hiki kimekaa humu ndani siku saba. Imekwisha."

Hata Nabirye alichanganyikiwa. Akanionyesha mchoro. Mstari wa sebuleni unatembea chini siku mbili, halafu Jumamosi unapanda kama mtu anayepanda kilima cha Lubaga, unakaa huko juu mpaka Alhamisi asubuhi.

"Jjajja, Jumamosi kulitokea nini hapa?"

Nikamwambia hakuna, walikuja akina mama wa sala. Nikamtajia: Mama Florence, Mama Atim, Nalongo Teddy, Rose wa cherehani na dada yake Imelda. Akawahesabu. Akasema watu wanapasha chumba joto kweli, lakini hawa si walienda kwao?

Walienda. Imelda aliondoka na bakuli langu mpaka leo.

Nikaanza kujishuku mwenyewe. Miaka yote nimekaa sebule ile sikuwahi kujipepea. Labda ngozi ya kizee haisikii joto tena. Labda Opiyo ana haki na mimi nimekaa ndani ya tanuri nikiita nyumba.

Jirani yangu Mama Sifa, Mkongomani anayeuza vitenge, alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake cha kila siku. Nikamuuliza, wewe hapa unasikia joto?

"Mama Opiyo, mimi nakujaka hapa kukimbia jua. Unafikiri nakujaka kuangalia sura yako?"

Watu wakacheka. Opiyo hakucheka. Alikuwa ameshatoa simu, anampigia mtu wake wa kuchora ramani za nyumba.

Mimi nikainuka nimletee Nabirye maji. Friji yangu iko sebuleni, kama kwa watu wengi huku. Juu yake kuna kitambaa cha njano nilichofuma mwenyewe. Nikaweka mkono nikisogeze kisibanwe na mlango.

Kitambaa kina moto. Kama kimetoka kupigwa pasi.

Nikasimama hapo hapo. Maji nikayasahau.

Wakuu, ngoja niseme ukweli wote. Ile Jumamosi, kabla akina mama hawajafika, nilikiona kile kidude cha Nabirye kwenye msumari, kitupu, kinakula vumbi. Kwangu mali ya mtu haikai uchi mbele ya wageni. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata biblia ina chake. Nikakitoa, nikakiweka mahali pa heshima, juu ya friji, nikakifunika na kile cha njano. Alhamisi asubuhi nikakirudisha kwenye msumari, kwa sababu mwenyewe alikuwa anakuja.

Wala sikuona kwamba nimefanya kitu. Nilikuwa nimetunza cha mtu.

Nikinyamaza, nyumba inavunjwa. Nikisema, naonekana mjinga mbele ya watoto wangu. Nikasema.

Halafu Mama Sifa akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

Opiyo akazima simu. "Mama, tutaamini vipi sasa?"

Nabirye akajibu yeye: "Tunarudia. Siku saba. Na jjajja, tafadhali, kikae uchi hivyo hivyo."

Halafu akaja akagusa juu ya friji. Akaacha kucheka. "Lakini hii nayo, kwa nini ni moto hivi?"

Nikamwambia ndivyo ilivyo siku zote, hata leso naanika pale zinakauka upesi. Akaniangalia kama nimemwambia nina nyoka kitandani. Akachomeka kipimo kingine kati ya waya wa friji na ukuta.

Siku saba zile nilizikaa kama ninalinda mtoto mchanga. Mama Sifa akawa anapita kwa ncha za vidole.

Majibu: sebule baridi sawa na chumba, na jua likiwaka ni baridi kuliko nje. Kompyuta ilikuwa imesema kweli. Na risiti pia zilisema kweli, ila mwizi hakuwa nyumba. Mpira wa mlango wa friji umechanika, baridi inatoka, mashine inafanya kazi bila kupumzika, na joto lake ndilo lile la kitambaa.

Friji ile nililetewa na Opiyo aliponunua mpya kwake.

Acen akasema polepole: "Haya, mpigie mtu wako wa ramani aje aivunje friji."

Opiyo akainuka. Aliitoa friji mwenyewe, yeye na Acen, mmoja huku mmoja kule, wakigombana mpaka barabarani.

Kesho yake akarudi na ngazi. Nikaogopa. Akapanda, akagusa mikeka ya dari, akakaa huko juu muda mrefu.

"Mama, hii ilifungwa na nani?"

"Odoch."

"Alifunga na nini, mpaka leo haijalegea?"

Nikamshikia ngazi, nikamsimulia.

Sasa, funzo nililopata mimi: kipimo kimoja kisimhukumu mtu wala nyumba. Na ukigusa kitu kinachopimwa, hata kwa nia njema, sema mapema kabla hawajaita wavunjaji.

Lakini bado sijaelewa, na ndiyo maana nimewaandikia. Kompyuta haikulala kwangu hata siku moja, ilijuaje? Na nyinyi mnaojua, je, kidude kile ningekifunika tu pale pale kwenye msumari, kingesema nini? Maana Nabirye anarudi msimu wa jua kupima tena, na kwa kweli kukiona kitupu vile kunanisumbua.