Mchungaji Bado Anaomba

Kanisa lilinituma kuwasoma Wahindu wa Kisumu niandike kitabu: wanaamini nini, na sisi Wakristo tuwaambie nini. Nilikuwa mchungaji na mwalimu wa dini huko Maseno, mke wangu ameshatangulia, nyumba ina vitabu vingi na mtu mmoja. Basi kila Jumamosi nilishuka mjini kwa mzee mmoja wa Kihindu, muuza vitambaa, nikakaa dukani kwake na daftari langu.

Tulibishana, jamani! Mimi namsomea Injili ya Yohana, yeye ananiambia, "Bwana Pastor, kunywa chai kwanza, Yesu hatoroki." Naye alikuwa amefiwa na mke, na mwanawe wa pekee yuko ng'ambo, hapigi hata simu. Saa nane tulifunga mlango tukala dengu. Sikuwa na rafiki mwingine, na sioni haya kusema hivyo.

Siku moja akalifunga daftari langu kwa mkono wake. Alisema maiti wao huchomwa, na moto huwashwa na mtoto wa kiume.

"Wangu haji. Nikifa, utaniwashia wewe?"

Nilikuwa nimeandika sura nzima juu ya moto huo. Lakini nilimwaza askofu, nikawawaza wazee wa kanisa, nikaogopa, kusema kweli. Nikajibu, "Acha kwanza niombe juu ya hilo, Mzee."

Sisi watu wa kanisa tunajuana. Ukiambiwa hivyo umeshanyimwa, nenda zako. Yeye hakujua. Kila Jumamosi aliuliza, "Amejibu?" nami nikasema bado. Mwishowe nikaona aibu, nikaacha kwenda. Miezi minne nilikula peke yangu, kitabu kikanona.

Habari za kifo chake nililetewa na fundi aliyeshona nguo kwenye baraza la duka lile, mzee wa kanisa letu. Walikuwa wamemchoma jana yake. Kumbe walinipigia simu siku nzima, nami nilikuwa nimeizima ili niandike.

"Tulikungoja mpaka saa tisa," fundi alisema. "Watu wa hekalu walitaka kuanza asubuhi, lakini marehemu alikuwa amewaapisha. Wasiwashe kabla hujafika, alisema, mchungaji bado anaomba."

"Nani aliwasha?"

"Mimi."

"Na wewe uliomba kwanza?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Niombe nini, Mwalimu? Mzee wa watu alikuwa amelala pale juani."