Mbege Iliyopitia Kahe

"Mimi nikienda kuposa, mbege itafika na povu lake, na wazee watafika wameiona nchi!"

Wenseslaus alitamka maneno hayo akiwa juu ya benchi, kata mkononi, kwenye sherehe ya komunyo ya kwanza ya mpwa wake, huko Kibosho mlimani, mbele ya paroko na nusu ya kijiji. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyemwambia ashuke, maana walijua atashuka mwenyewe. Wenseslaus hajawahi kukaa mahali mpaka pakapata joto. Shule ya ufundi aliikimbia. Gereji ya Arusha aliikimbia. Machimbo ya Mererani aliyakimbia kabla hata hajachafuka vizuri. Chai alikunywa akitembea. Kitu pekee alichokuwa hajakikimbia ni pikapu yake kuukuu, na hiyo ni kwa sababu alikuwa anakimbia nayo.

Sasa alimtaka Hilaria, fundi cherehani wa Moshi mjini. Hilaria naye alimtaka, ila alimwambia wazi: "Baba akikataa, mimi sitoroshwi. Mtu asiyeweza kutulia kwa baba yangu siku moja, kwangu atatulia miaka mingapi?"

Baba mwenyewe, Mzee Sirili, alizaliwa Kibosho. Kihamba cha ukoo, shamba lao la migomba, kilipogawanywa mpaka fungu lake likatosha kufungia mbuzi tu, aliteremka tambarare akaenda kuvua perege kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Ndugu zake wa mlimani hawakumfuata hata siku alipofiwa. Kule chini, walisema, ni kwa mbu na fisi. Ndiyo maana sharti lake lilikuwa moja: anayemtaka binti yangu aniletee mbege ya mlimani, tuinywe hapa kwangu. Na mbege isipopita kooni mwa baba mkwe, hakuna posa.

Basi Februari mwaka tisini na nne shangazi Margareta akapika. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haina subira. Ukishatia ulezi leo, kesho ndiyo siku yake, keshokutwa ni siki. Mlimani hilo halimsumbui mtu. Mbege husafiri kichwani kutoka kihamba hiki hadi cha jirani, imezibwa kwa jani la mgomba, imefika. Wenseslaus aliona jani ni ushamba. Akanunua madumu mawili mapya ya plastiki, akayajaza mpaka shingoni, akakaza vifuniko kama anafunga tairi la lori. Hakuna aliyepinga. Kwenye baridi ile ya alfajiri, nani Kibosho aliwahi kuona mbege ikiota jua la tambarare?

Njia fupi ni ya lami: Moshi, Himo, Kifaru, unakata kulia kuelekea bwawani. Walipofika Moshi, Wenseslaus akakata kuelekea Kahe.

"Wewe kijana," alisema baba mdogo Rogath, mshenga, aliyevaa koti lake la kanisani, "Himo ni huku."

"Niliahidi mtaiona nchi, baba mdogo."

"Nchi nimeiona. Nina miaka sitini na nane niko ndani yake."

Lakini shangazi alitaka, kwa hiyo wakaenda. Wakapita mashamba ya mpunga yenye maji kama vioo, nyange weupe wamesimama mguu mmoja, kisha matete na mafunjo marefu kuliko pikapu. Shangazi akageuka nyuma akauona mlima mzima, kuanzia chini mpaka theluji.

"Yesu na Maria! Kumbe tunakaa kwenye kitu kikubwa hivi?"

"Umeuona? Haya, twende!"

Ndivyo alivyokuwa Wenseslaus. Stesheni ya Kahe aliwashusha wanywe chai, akawapandisha kabla haijapoa. Alisimama kwenye kila kinamasi, na kila kinamasi kilimchosha kabla wazee hawajamaliza kukishangaa. Walipofika chemchemi ya Miwaleni, maji maangavu mpaka unahesabu kokoto, Rogath alizunguka nyuma ya gari kujisaidia, akarudi ameshika kidevu.

"Wensi, lile dumu lina mimba."

"Ni mtikisiko wa barabara, baba mdogo."

"Lifungue kidogo lipumue," shangazi akasema.

"Vumbi litaingia! Pandeni, tunachelewa!"

Njia nzima Wenseslaus alikuwa amesimama kutazama ndege, vyura na ng'ombe wanaoogelea. Kwa dumu hakuwa na nafasi.

Wakatokea Njiapanda ya Himo, wakaifuata lami mpaka Kifaru. Rogath akashuka sokoni kununua ugoro. Alikuwa amesimama ubavuni mwa pikapu, anatafuta sarafu, dumu lilipopasuka kama bomu. Soko zima likalala chini. Muuza nyama alikimbia akaacha kisu kwenye mfupa. Rogath alibaki wima, mbege inamchuruzika kutoka kwenye kofia mpaka viatuni.

Mama muuza nyanya ndiye aliyeinuka wa kwanza. "Meku, mzee wangu, umebatizwa upya?"

"Nimebatizwa," Rogath akajibu, akilamba mdomo. "Tena imeshachacha."

Dumu la pili Wenseslaus alilifungua kwa hofu, amegeuzia uso pembeni. Likamwaga nusu yake barabarani.

Walifika bwawani jua likiwa limeshapinda.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," Mzee Sirili aliitikia. Alikuwa amevaa shati jeupe, lenye alama za pasi.

Aliyeleta ndiye huonja kwanza. Wenseslaus akanywa, machozi yakamtoka, akatabasamu. Sirili akapokea kata, akanywa, akainuka polepole, akaenda kutema nyuma ya nyavu.

"Mmepita wapi?"

"Kahe, baba."

"Kuna nini Kahe?"

"Tulikuwa tunaiona nchi," alisema Rogath, kwa sauti ya mtu aliyelowa.

"Nimevaa shati hili tangu asubuhi. Miaka yote hii sijaionja ya kwetu, na ya leo nimeitema."

"Jumamosi ijayo tutaleta nyingine, mzee! Kwa lami!"

"Hapana. Mpishi ametoka mlimani, inatosha. Itapikwa hapa. Ndizi zitaiva, zitapikwa, ulezi utatiwa, nitakunywa. Na wewe utakaa hapahapa mpaka siku hiyo. Ukiondoka, usirudi."

Wenseslaus alihisi miguu inamwasha mpaka magotini. Pikapu ilikuwa pale, pua imeelekea barabarani, ufunguo mfukoni. Mlangoni Hilaria, aliyekuja kwao kwa ajili ya posa, alikuwa anapara samaki. Hakuinua macho, ila kisu kilikuwa kimesimama.

Akautoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mzee. Kisu kikaendelea.

"Nikae wapi, baba?"

"Utakaa baadaye. Kwanza ndizi. Hapa hazioti, nenda gulioni ukanunue."

Mwanamume wa Kibosho, kununua ndizi! Rogath alijifanya anakamua kofia. Wenseslaus akaenda, akasimama mbele ya mikungu miembamba ambayo kwao hulishwa mbuzi, akauliza bei.

Mkungu mmoja ulikuwa shilingi elfu moja, bei ya kumkimbiza mtu. Akalipa.