Baiskeli ya Ghorofa ya Nne

Mara ya kwanza niliipima baiskeli yangu kwenye soko la samaki la Dunga, kando ya ziwa, kwenye mizani ya samaki. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mama ninayenunua kwake ngege, wale samaki wetu wa ziwani, alikuwa ndiyo kwanza anatundika mizani yake, na boti zilikuwa hazijaleta kitu. Alicheka sana nilipomwomba. Wanaume wawili wakainyanyua, wakapitisha ndoana kwenye bomba la katikati, baiskeli ikaning'inia tairi zikizunguka, na watu wakaanza kuuliza kilo moja ni pesa ngapi. Mshale ukasimama kwenye kumi na saba na nusu. Mimi sikucheka. Nilihitaji kumi na tano.

Hiyo kumi na tano nilipewa na daktari. Mwaka uliotangulia nilianguka kwenye ngazi za jengo tunamoishi Nyamasaria, nikaumia bega la kulia. Baada ya miezi ya mazoezi na dawa za kuchua aliniambia nisibebe kitu chochote kinachozidi kilo kumi na tano, la sivyo tutarudi tulikoanzia. Nadhani alikuwa akifikiria madumu ya maji. Hakujua kwamba ninaishi ghorofa ya nne, kwamba jengo halina lifti, na kwamba baiskeli yangu ya awali, ya kuzungukia mtaani tu, niliyoiacha chini ya ngazi ikiwa imefungwa mnyororo na kufuli, iliondoka na mnyororo wake na kufuli yake. Tangu hapo baiskeli yangu inalala sebuleni, na anayeipandisha ni mimi.

Ningeweza kuiuza. Dada yangu alinishauri hivyo, kisha akanishauri tena. Lakini shule ninayofundisha iko ndani kabisa, upande wa mashamba ya mpunga, na kwa miaka mingi nilifika huko kwa kusubiri mtu: mwenye pikipiki aamue kuja, aamue bei, aamue kama matope ya leo anayaweza. Baiskeli hii ya milima, ya mtumba, niliyoichagua mwenyewe soko la Kibuye, ndiyo iliyonifikisha kazini kwa mara ya kwanza saa niliyotaka mimi. Sikuwa tayari kurudi kusimama kando ya barabara. Wala sikumwambia mtu mwingine habari ya zile kilo kumi na tano. Tangu nianguke, shuleni walikuwa wameshaanza kunipa pole kabla ya salamu, na mwalimu mkuu alikuwa akitaja kazi nyepesi za ofisini.

Basi nikaanza kupunguza uzito. Kwenye simu niliwaona watu wa nchi nyingine wakieleza namna ya kufanya baiskeli iwe nyepesi kwa bei nafuu. Bei nafuu yao ilikuwa mshahara wangu. Nilizima simu nikamwendea fundi.

Fundi wangu ana kibanda cha mabati karibu na lango letu. Kabla pikipiki hazijajaa mjini alibeba abiria kwa baiskeli miaka ishirini, na miguu yake hadi leo inaonyesha. Kwake yeye baiskeli ni chombo cha kubebea watu, na nzuri ni ile isiyovunjika. Nilipomwomba atoe stendi, madigadi na keria, alizitoa polepole, akazipanga juu ya gunia, akaziangalia.

"Mwalimu, sasa hapa nyuma utabeba nani?"

Nilimwambia sibebi mtu. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye hajaona chochote kilicho sawa.

Vile vitu vitatu nilivipeleka dukani nikavipimia kwenye mizani ya maharagwe. Havikufika kilo moja na nusu. Keria yenyewe, nyembamba, ilikuwa karibu si kitu. Nikajua kazi bado. Fundi akaniambia uzito mwingi uko mbele, kwenye foki, ule uma unaoshika gurudumu, wenye springi, na kwamba springi zenyewe zilishakufa kitambo, kwa hiyo nilikuwa nabeba maiti. Akasema atanitafutia foki ya kawaida kutoka kwa baiskeli iliyoharibika. Nikamwachia siku tatu, nami nikarudi kwenda shuleni kwa pikipiki, nikisaga meno.

Siku ya tatu nilikuta foki imebadilishwa vizuri kabisa. Halafu nikaona nyuma. Alikuwa ameunganisha keria mpya, ya vyuma vile vya kujengea nguzo za nyumba, akaichomelea moja kwa moja kwenye fremu, akaipaka rangi ya kijani.

"Hiyo ni zawadi," alisema. "Hata ukibeba gunia ya mchele haiwezi sema kitu."

Niliinua baiskeli kwa nyuma kidogo tu, na bega likawa la kwanza kutoa maoni. Nilitaka kulia pale pale. Mtu mzima ameinama siku tatu akinitengenezea bure kitu ambacho sikukitaka, kitu kile kile nilichomlipa akitoe, na wapita njia wamesimama wanamsifu kazi yake. Nikasema asante sana, Mzee. Ningeweza kwenda mjini keria ikakatwe na fundi mwingine, lakini huyu ananiona asubuhi nikitoka na jioni nikirudi. Sikuwa na uso wa kupita mbele yake bila ile rangi ya kijani.

Kwa hiyo uzito ukabidi utafutwe kwingine, na hapo ndipo nilipopoteza akili kidogo. Nilikata usukani pande zote mbili kwa msumeno wa chuma, jikoni, hadi ukawa mfupi kama wa mtoto. Nilitoa kiti cha springi nikaweka kingine kidogo, kigumu, ambacho sitakieleza zaidi. Pedeli za chuma zikawa za plastiki. Kengele ikaenda. Kifuniko cha kulinda mnyororo kikaenda, na sketi mbili zikaenda nacho, zimeliwa na mnyororo. Mvua ikanyesha, ule udongo mweusi wa huko shuleni ukashika tairi hadi zikakataa kuzunguka, na nikasimama katikati ya njia nikiukwangua kwa kijiti, nikijua kwamba matope ya asubuhi moja yamezidi kila nilichotoa kwa mwezi mzima. Siku hiyo nilitukana. Hakukuwa na mtu karibu ila ng'ombe.

Jumamosi iliyofuata niliiosha, nikaikausha, nikaenda nayo Dunga tena. Nilifika saa nne, soko limechangamka, samaki wanapimwa mfululizo. Yule mama alinionea huruma, akaondoa karai lake kubwa kwenye ndoana, wakanitundikia baiskeli haraka haraka. Kumi na nne na nusu. Niliwaomba wasiishushe kwanza nipige picha. Nilinunua ngege watatu bila kubishana bei, na njiani nikaimba wimbo wa kanisani hadi Nyamasaria.

Wiki tatu nilipanda ngazi zile kwa raha. Bega liliuma, ndiyo, lakini nilijua haliwezi kuwa baiskeli, maana baiskeli ilikuwa kumi na nne na nusu na picha ninayo. Nililaumu mto wa kulalia. Nikanunua mto mwingine. Nililaumu ubao wa darasani, nikaanza kuandika chini chini hadi watoto wa nyuma wakalalamika.

Kisha nikaenda kununua samaki kama mtu wa kawaida. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni mama alipolitoa karai amwage maji, nami nikawa naangalia mshale. Haukusimama kwenye sifuri. Ulirudi nyuma ya sifuri, ukakaa huko. Aliporudisha karai ukaja sifuri sawasawa.

Nilimwuliza. Akanieleza bila tatizo, kama mtu anayeeleza kitu ambacho kila mmoja anakijua. Boti zikishafika yeye hutundika karai, kisha hukaza kile kiskurubu cha juu hadi mshale usome sifuri, ili mteja asilipie karai.

"Kwani hukuona? Karai ni kilo mbili, Mwalimu. Ungeniambia ningekuongezea hizo mbili."

Mara ya kwanza nilikuja kabla hajatundika karai. Mara ya pili nilikuja baadaye. Baiskeli yangu ilikuwa kilo kumi na sita na nusu. Usukani, kiti, kengele, sketi mbili na mwezi mzima wa maisha yangu vilikuwa vimeondoa kilo moja, na ile kilo moja na nusu iliyozidi bado ilikuwa imekaa nyuma, imechomelewa, ya kijani.

Sijawahi kuona kiungo cha mwili kinachosoma mizani, lakini jioni ile bega lilikataa. Nilifika ghorofa ya pili nikaketi kwenye ngazi, baiskeli mapajani, nikishindwa kupanda na kushuka. Jirani ndiye aliyenimalizia kuipandisha. Jumatatu daktari alinigusa mara moja tu akauliza nimekuwa nikibeba nini. Nikasema mto. Hakucheka. Miezi miwili, akasema, bila kubeba na bila kuendesha chochote kwenye barabara mbovu.

Nilienda kwa fundi nikamwambia aikate keria, kwa sauti kali ambayo hakustahili. Akauliza imevunjika? Ndipo nikamwambia yote: bega, daktari, ngazi, karai. Alisikiliza akiwa ameshika spana.

"Ghorofa ya nne?" akasema. "Kila siku?"

"Kila siku, Mzee."

"Mbona hukusema? Hapa kwangu hulala baiskeli sita."

Alisukuma mlango wa kibanda kwa mguu. Kweli zilikuwa sita, zimeegemeana nyuma ya makufuli mawili makubwa, hatua kumi kutoka chini ya ngazi zangu. Nilikuwa nimepita pale kila asubuhi na kila jioni. Ningelia, lakini nilikuwa na hasira mno, na wa kumkasirikia alikuwa mimi. Jioni hiyo jirani akaishusha baiskeli yangu, ikawa ya saba kibandani, na habari ya kukata keria ikaishia hapo.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha na pikipiki hazikuonekana. Nilimkuta langoni na baiskeli yangu. Alikuwa amekunja gunia safi akalifunga juu ya keria.

"Kaa, Mwalimu."

Nikakaa upande, mkoba mapajani, kama mama zetu walivyokaa wakienda sokoni. Alikanyaga kwa nguvu za zamani, akihema, lakini mbele kulikuwa kunayumba, magoti yake yanagonga usukani, na kila baada ya muda alijisogeza kwenye kile kiti.

"Nani alikata hii usukani?"

"Ni mimi."

"Na hii kiti?"

"Mimi, Mzee."

Akaendelea kukanyaga hadi tulipoacha lami. Barabara mbovu ilikuwa imeanza, na daktari asingefurahi. Akaniambia nijishikilie, tunaingia kwenye mashimo. Nilishika keria kwa mkono wa kushoto. Haikutikisika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.