Mwambie Bibi Nataka Kukaa

Mwezi wa tisa mwaka 2017 mke wangu alifariki hapa Dallas, na mwanangu, ambaye alikuwa bado hawezi kukaa bila kuegemezwa, akapoteza ziwa pekee alilojua kulinyonya.

Naanza na ziwa kwa sababu ndilo lililotusumbua. Mimi nilifiwa na mke, na hilo nalibeba ninavyoweza; sina maneno mengi ya kulieleza. Lakini mtoto alifiwa na chakula chake. Alizaliwa na hali ambayo madaktari huiita Down. Misuli yake ni laini, ulimi wake mzito, hupenda kuchungulia nje ya mdomo. Mama yake alikaa naye wiki nyingi akimfundisha kunyonya mpaka akaweza. Alipoondoka, mtoto aliikataa chupa kama vile tumempa jiwe.

Baada ya arobaini, mama mkwe wangu alihamia kwetu Mesquite akitokea Houston, alikokuwa anaishi na mwanawe wa kiume. "Nimekuja kumlea mjukuu wangu," alisema, huku anatazama ukuta. Alitazama ukuta kwa sababu sisi ni watu wa Tanga na mimi ni mkwe wake. Kwetu, mkwe unamheshimu kwa kumpa nafasi. Hamli sahani moja, hamkai kochi moja, hamtajani majina. Lakini nyumba ya Tanga ina ua, ina mlango wa nyuma, ina jirani wa kumkimbilia. Yetu ilikuwa vyumba viwili, ghorofa ya pili, jiko limeungana na sebule. Ilibidi tupate namna ya kuishi, na namna tuliyoipata ilikuwa mtoto.

"Mwambie baba yako chai iko mezani," bibi humwambia mtoto, nami nimesimama pale pale.

"Mwambie bibi ahsante."

"Mwambie sukari imekwisha, na asilete tena ile ya rangi ya udongo. Ile ni ya wagonjwa."

"Mwambie bibi nimesikia."

Mtoto hakuwa na neno hata moja. Alikuwa akigeuza kichwa chake kwangu, kisha kwa bibi, kama mtu anayepima kesi. Nadhani ndiyo kazi yake ya kwanza hapa duniani, na aliifanya vizuri.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala, napakia maboksi kuanzia alfajiri, narudi mchana. Nikirudi nakuta uji. Bibi alikuwa anamlaza mtoto chali juu ya mapaja, kichwa kimeshuka kidogo, anaukunja mkono wake kama kikombe kando ya mdomo, kisha anammiminia uji wa ulezi. Ndivyo alivyowalisha watoto wake wote. Mtoto alikohoa, akatoa machozi, akameza kiasi, kingine kikarudi kupitia puani. Bibi alimfuta kwa kanga na kuendelea, kwa upendo wote.

Uzito haukupanda. Kifua kilimbana mara kwa mara. Daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba ikifika majira ya joto na hali iko hivi, watampasua kidogo tumboni na kumwekea bomba la kulishia. Hakulisema kwa ubaya. Nimewaona watoto wenye bomba, wamenona na wanacheza, na wengine wangekufa bila hilo bomba. Lakini nilipofika nyumbani nikampa mtoto habari ili bibi asikie, bibi alikaa sakafuni.

"Mwambie baba yako nimeshazika mmoja," alisema. "Huyu hatobolewi."

Daktari huyo huyo alituunganisha na huduma ya watoto wadogo wanaochelewa kukua, ile inayohudumia walio chini ya miaka mitatu. Wao hawakuiti ofisini, wanakuja kwako. Alitumwa mama mmoja wa Texas, mrefu, mwenye mvi na viatu vya buti, fundi wa mambo ya kumeza na kusema. Bibi alimwita Mwalimu tangu siku ya kwanza, na jina likakaa.

Siku hiyo ya kwanza nyumba ilinukia udi. Kulikuwa na pilau, vitumbua, chai ya tangawizi. Mtoto alikuwa ameshalishwa, ameogeshwa na kuvalishwa kanzu ya Idi, anasinzia kama bwana harusi. Mwalimu akaingia mikono mitupu.

"Mwambie baba yako amwulize huyo mgeni, vifaa kasahau garini?"

Nikamwuliza. Mwalimu akasema hana begi la midoli. Akija na begi, akiondoka nalo mtoto anabaki bila kitu. Yeye atatumia tulivyo navyo. Akakaa kwenye zulia na kuomba sufuria na mwiko.

"Kumbe kaja kuchezea masufuria yangu," bibi akasema, lakini akampa. Akampa lile lililobonyea.

Alirudi kila wiki. Mtoto akajifunza kuegemea mkono, kisha kukaa akizungushiwa mto. Lakini kila Mwalimu alipofika, tumbo la mtoto lilikuwa limejaa na uso umepakwa mafuta, na meza imeandaliwa. Alisema anataka kumwona akila. Bibi hakuelewa ombi hilo hata kidogo. Mtoto analia, kamasi zinamtoka, na mgeni ana sahani mbele yake? Mgeni anakula kwa amani, mengine yanamalizwa kabla hajapiga hodi. Mwalimu akasema kwa upole kwamba yeye si mgeni.

"Kama si mgeni," bibi akamwambia mtoto, "basi akoshe vikombe."

Niliona haya, lakini nilitafsiri kama ilivyo. Mwalimu alikunja mikono ya shati, akaenda kwenye sinki, akakosha vikombe, sahani, na birika ambalo hakuna aliyemwambia aliguse. Bibi alisimama nyuma yake muda wote.

"Anamwaga maji mengi," alisema mwishowe. "Mwambie baba yako, wiki ijayo aje saa ya uji."

Akaja saa ya uji. Hakukuwa na udi wala vitumbua. Bibi akamlaza mtoto kama kawaida na kumimina, mtoto akakohoa kama kawaida. Mwalimu hakugusa kitu wala hakukunja uso. Walipomaliza, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kichwa kikilala hivyo uji hauna pa kwenda ila kwenye njia ya hewa, hasa kwa mtoto ambaye ulimi wake unachelewa. Akaniomba nimweleze bibi.

Nikamwambia siwezi. Yule ni mkwe wangu, nikasema, na amefiwa na binti yake. Mdomo wangu haufunguki kumwambia anamlisha vibaya mtoto wa binti yake. Mwalimu hakucheka wala hakuniambia hapa ni Marekani. Alisema atatafuta mkalimani.

Wiki iliyofuata aliweka simu mezani, na sauti ya mama mmoja wa Kongo ikajaa sebuleni, ya heshima na ya kuharakisha: "Mama, inapashwa mutoto aikale muzuri, kichwa juu."

Bibi aliitazama simu. "Mwambie baba yako aizime. Hajaniona, sijamwona, mtoto hajui anafananaje, halafu ananifundisha kumshika mjukuu wangu."

Nikaizima. Mtoto alikuwa katikati yetu, anagonga lile sufuria.

Mwalimu ndiye aliyeanza kusema. Hakujua Kiswahili, lakini alikuwa amekaa kwenye zulia letu kwa miezi, na mtu akikaa sakafuni anaona mengi. Aliniuliza kwa nini mimi na mama mkwe tunazungumza kila siku bila kutazamana, na kwa nini sote tunamtazama mtoto. Nikamweleza. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba basi nyumba hii ina mkalimani wake tayari. Mwache mtoto aseme. Usiseme maneno yako, alinionya, sema ya kwake.

Nilimchukua mtoto nikampakata, mgongo wake kwenye kifua changu, uso wake kwa bibi.

"Bibi," nikasema, "nataka kukaa. Nikilala uji unanikaba."

Bibi alimtazama mtoto. Mimi hakunitazama. "Unakukaba! Mama yako nilimlisha hivi hivi. Akakua, akasoma, akaolewa na huyo aliyekushika."

"Mama alikuwa anameza vizuri, bibi. Mimi ulimi wangu mzito."

"Nani kakwambia ulimi wako mzito?"

"Mama. Alikuwa ananishika kidevu nikinyonya."

Hilo sikuwa nimelipanga. Lilitoka tu. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu tangu msiba hakuna aliyeniuliza mke wangu alikuwa anafanya nini na mtoto, waliniuliza alikufaje. Bibi alijifuta macho kwa ncha ya kanga na kuikunja tena vizuri begani.

"Alikushikaje?"

Nikaweka kidole changu cha kati chini ya kidevu cha mtoto, cha shahada mbele yake, chini ya mdomo, taratibu, kama nilivyomwona mama yake akifanya. Mdomo ukafumba. Mwalimu, ambaye hakuelewa hata neno moja, aliona mkono wangu, akasogea mbele kwa magoti na kusema ndicho hicho, ndicho hicho alichotaka kutufundisha.

Bibi alinyoosha mkono, akajaribu mwenyewe. Kwanza alibana sana, mtoto akakunja uso. Akalegeza.

"Mwambie baba yako alete kiti," alisema.

Kazi ilianza siku hiyo, na nataka kusema kweli kwamba ilikuwa kazi. Mtoto tulimkalisha kwenye kiti chake, kanga zimekunjwa zimemkaza kulia na kushoto, miguu ikikanyaga sufuria lililofunikwa ili isining'inie. Kijiko kikawa kidogo na bapa. Bibi alikiita kijiko cha kupakia dawa ya donda. Unaweka kijiko, unasubiri ulimi urudi ndani, unashika kidevu, unasubiri ameze, ndipo unaleta kingine. Kulikuwa na siku ambazo mlo ulichosha watu wazima kuliko mtoto. Hospitali walimpiga picha akimeza, wakaona vitu vyepesi bado vinapotea njia, wakasema maziwa na maji yawekewe unga wa kuyafanya mazito, yasikimbie. Mpaka leo tunaweka. Sitadanganya kwamba kila kitu kilinyooka.

Lakini hakukuwa tena na siku ya kumficha. Mwalimu alipofika alitukuta tulivyo, uji ukutani, mtoto na kanga chafu, mimi na sare ya ghala. Kuna siku bibi alimfungulia mlango na kumpa kitambaa kabla ya salamu. Siku nyingine alinituma, "Mwambie baba yako amwambie Mwalimu chai leo itachelewa, kwanza amshike huyu miguu." Mwalimu akamshika miguu. Alikuwa anatuuliza nini kimekwenda vizuri kabla ya kuuliza kilichoshindikana, na alikuwa anasubiri jibu. Sikusoma sana. Niliacha shule darasa la saba, na katika maisha yangu sijazoea mtu mwenye cheti kuniuliza swali na kunyamaza ili nijibu. Nilijibu, na bibi alijibu. Nasi tukawa tunajua, kweli tunajua, jinsi mtoto wetu anavyomeza.

Majira ya joto yakafika. Siku ya kliniki bibi alivaa baibui lake jipya na kubeba kikapu. Tulisubiri sana, saa ya chakula ikapita. Muuguzi akamvua mtoto nguo zote, akamweka kwenye mizani, mtoto akajaribu kuila karatasi iliyotandikwa. Muuguzi akaandika na kutoka. Bibi hakukaa. Alisimama karibu na mtoto, mkono mmoja juu ya tumbo lake.

Daktari alikuja, akasoma kwenye kompyuta yake, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akarudi kusoma. Nilianza kuuliza, lakini bibi alinitangulia. Alilinyooshea kidole tumbo la mtoto, akachora duara dogo hewani, kisha akamkazia macho daktari na kunyanyua nyusi.

Daktari akatikisa kichwa. "Hapana," aliniambia nimwambie. "Kwa sasa hapana. Uzito umepanda vya kutosha. Tutampima tena kabla ya baridi."

Bibi hakusubiri nitafsiri. Alikuwa ameshaanza kumvalisha mtoto soksi.

Garini kulikuwa kama tanuri. Niliwasha injini na kiyoyozi, tukaacha milango wazi. Mtoto alikuwa analia kwa njaa. Bibi alipanda naye nyuma, akamfunga kwenye kiti chake akamweka sawa, akatoa kwenye kikapu ndizi, kikombe na kile kijiko bapa. Aliiponda ndizi mpaka ikawa laini. Akaleta kijiko, akasubiri, akashika kidevu. Mtoto alikohoa mara moja, akatulia, akameza, akafungua mdomo tena.