Maziwa ya Kitisuru Yaliyogoma Kuganda

Ninyi wa nyumbani mnadhani huku Nairobi tunashinda tukila mkate na siagi. Basi jueni kwamba mimi, tarishi wa ofisi mjini, nilitoka Riruta kwa baiskeli Jumamosi ile kwa ajili ya maziwa lala, yale ya kugandishwa. Baba mkwe alikuwa anakuja Jumapili kuamua kama mke wangu atakaa nami au atarudi Machakos, na kwake nyumba isiyo na maziwa lala si nyumba. Kibuyu nilipewa na mama. Wiki tatu nilikijaza maziwa ya bure ya Kioko, mkamuaji wa memsabu mmoja Mzungu huko Kitisuru, kila mara nikiacha masalio ndani yawe chachu, kama mama alivyonifunza. Yakagoma kuganda. Nikafunga kibuyu mgongoni, nikaenda kumgombeza.

Saa mbili, kizuizi cha Westlands. Askari alitaka kipande changu cha utambulisho, kisha akataka kibuyu. Akaonja, akakunja uso.

"Unasema hii ni maziwa lala? Hii iko macho kabisa!"

Saa nne, Kitisuru. Nilimkuta Kioko zizini, kidole kimefungwa kitambaa.

"Kioko, unataka mke wangu arudishwe kwao?"

"Pole, ndugu. Hii ng'ombe iko na ugonjwa ya chuchu. Memsabu anaitia penisilini, anasema maziwa yake nimwage mtoni. Nyingine namwaga. Lakini yote? Si ni dhambi? Ndiyo nikakupatia."

Kumbe dawa ya ng'ombe ilikuwa ikiua chachu ya mama yangu! Nikamwomba maziwa ya ng'ombe mzima.

"Hiyo memsabu anapima mpaka povu. Chukua hii ama chukua maji."

Nikachukua. Nikamuuliza habari za kidole.

"Iliingia uchafu nikikamua huyu mgonjwa. Wamenidunga sindano ya hiyo dawa mara nne, na bado inafura."

Nikampa pole, nikamwalika Jumapili aje aone aibu yangu.

Saa saba, njiani kurudi. Kila mlima nilishuka nikasukuma, nikikibembeleza kibuyu: izoee dawa, mwanangu, izoee. Wapita njia walinipisha upesi.

Jumapili mchana, Riruta. Baba mkwe alikuwa katikati ya sala ya chakula kizibo kiliporuka kikagonga dari. Maziwa yalikuwa mazito, makali, matamu ajabu. Mzee alikunywa vikombe vitatu. Nilimsimulia yote kwa majivuno: jinsi masalio yalivyoishi na dawa wiki tatu hadi yakaizoea.

"Basi kibuyu hiki dawa haikiwezi!" akacheka. "Binti yangu atakaa."

Mke wangu akapiga kigelegele. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Kioko peke yake aliweka kikombe chini, akaanza kufungua kitambaa polepole.

"Na hawa wadudu wa kidole yangu," akauliza, "si wamekunywa dawa hiyo hiyo?"

Njia nzima kutoka Kitisuru nilikuwa nimeomba wadudu wa kibuyu waizoee dawa, na nimejifunza kwamba ombi la namna hiyo halichagui wadudu.